Tumbaku ya Wakwe

Juzi nilikuwa nikitafuta miwani yangu. Mjukuu wangu wa miaka minane alikuwa ameichukua kuchezea ualimu, nikamuuliza iko wapi. "Nilikurudishia, Babu," akasema. "Ukaiweka mfukoni." Nikapapasa mfuko wa shati, haimo. Wa suruali, haimo. Na bila kumhoji zaidi nikasema, "Basi nimesahau." Nilishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi. Mtoto alisema neno moja kwa uso mkavu, nami nikaacha kuamini kichwa changu nikaamini chake. Nilikaa ukingoni mwa kitanda kwa muda mrefu, wala si kwa sababu ya miwani.

Nilikuwa nikimkumbuka Ata. Ndivyo tulivyomwita nyanya yetu, mama mzaa baba, kama wajukuu wa Kiturkana wanavyowaita nyanya zao. Aliishi nasi Lodwar, katika boma la miiba upande wa mto Turkwel. Baba alikuwa mkalimani katika ofisi ya serikali. Alikuwa na suruali mbili na baiskeli, na watu walimwita karani ingawa hakuwa karani. Lakini mtu mwenye jambo zito hakwenda kwa Baba, alikwenda kwa Ata. Mifugo yetu ilichungwa mbali na jamaa zetu, na yeye, ambaye hakuwahi kushika kalamu, alimjua kila mnyama kwa mama yake na nyanya yake. Watu wakija kubishana, aliwajibu amefumba macho: "Yule mweusi mwenye doa la jivu? Mama yake alizaliwa msimu ule tuliochemsha ngozi tukala. Alitoka kwa mjomba wako, wala usinidanganye, nilikuwepo." Ubishi ukaisha pale pale. Ufunguo wa sanduku la bati la nyumba nzima aliuvaa shingoni, katikati ya shanga. Alinukia tumbaku ya kutafuna, magadi na mafuta ya kondoo, nami nilidhani hiyo ndiyo harufu ya kujua mambo.

Mtu mwingine niliyempenda kiasi hicho alikuwa Lokiru, baba yangu mdogo, kitinda mimba wa Ata. Alifanya kazi ya koleo barabarani, akisawazisha changarawe mchana kutwa, na jioni akirudi mweupe kwa vumbi kama mtu aliyeanguka kwenye unga. Tulilala nje, mimi na yeye, juu ya ngozi moja ya ng'ombe. Alinifundisha kupiga mluzi kwa vidole viwili. Alinibeba mabegani Turkwel ilipokuwa na maji. Nikiota ndoto mbaya, alisema, "Sogea huku, Ewoi, hiyo ndoto inaniogopa mimi," nami niliamini.

Sasa, mwaka mmoja kabla ya safari ninayotaka kuisimulia, wazee wageni walikuja nyumbani kwetu. Walikaa juu ya vigoda vyao vidogo, nyuso zimekunjamana, hawataki hata maji. Kisha mfuko wa tumbaku ukafunguliwa. Ukapita mkono kwa mkono, mashavu yakatuna, wazee wakaanza kutema mate na kucheka. Siku chache baadaye shangazi yangu mdogo alipakwa mafuta, akavishwa ngozi mpya, akaondoka na watu wale kwenda Lokitaung. Hakurudi tena kuishi nasi. Nililia siku mbili. Hakuna aliyenieleza, maana mtoto hakuelezwa mambo hayo, basi nikajieleza mwenyewe. Nilihitimisha kwamba tumbaku ndiyo inayochukua watu. Ikishaingia midomoni mwa wazee, mtu mmoja huondoka. Sikuangalia ni nani aliyeileta. Nilichoangalia ni aliyepakwa mafuta, kwa kuwa aliyepakwa ndiye aliyekwenda.

Kwa hiyo asubuhi ile ya kwenda Kakuma, nilipomwona Lokiru anang'aa mafuta toka utosini hadi vidoleni, shuka mpya begani, unyoya mweusi wa mbuni kichwani, moyo ulinishuka. Na nilipomwona Ata ametoka na mfuko wa ngozi ya mbuzi uliojaa tumbaku, mnene kama mtoto wa miezi sita, nilielewa kila kitu. Yaani nilielewa vibaya, lakini kwa uhakika ambao sijawahi kuupata tena maishani.

Mfuko ule alikuwa ameutayarisha mwenyewe. Kwa siku nyingi alitwanga majani na magadi huku akipiga chafya, akiwafukuza waliotaka kuonja. Tumbaku ya wakwe si tumbaku ya kuonja. Wazee wa upande wa binti hawafungui mdomo kuzungumza habari ya ndoa mpaka kitu kimeingia katika mdomo huo, na wanaoipeleka hupimwa kwayo. Maksai wa harusi alikuwa ametangulia kwa miguu pamoja na vijana, pamoja na mifugo mingine. Sisi wengine, Baba, Mama, shangazi mkubwa, Lokiru, Ata na watoto, tulipanda lori la tajiri mmoja lililokuwa likipeleka unga na sukari katika maduka ya Kakuma.

Dereva aliitwa Njoroge, mtu wa "Kenya", kama tulivyoiita nchi yote iliyokuwa ng'ambo ya Kitale. Alipomwona Ata anapandisha mbuzi, alishika kiuno.

"Mama mzee, hii mbuzi ikikojolea unga ya tajiri, mimi nitasema nini?"

Ata akamgeukia Baba. "Mwambie mbuzi huyu ana adabu kumshinda yeye na mama yake."

Baba, mkalimani wa serikali, alikohoa kidogo. "Anasema asante kwa kutukumbusha."

Njoroge akatabasamu, akamsalimu kwa neno pekee la kwetu alilolijua, "Ejok, ejok!" na Ata akaitikia kwa heshima zote. Lori zima lilijaa vicheko vilivyobanwa puani.

Tuliondoka jua likiwa changa. Nakumbuka magunia ya unga yakichoma mapaja kwa joto, vumbi likiingia hadi kwenye meno, na shangazi mkubwa akianzisha wimbo kila lori liliporuka shimo, ili kelele ya kuumia igeuke kuwa kiitikio. Alimkalia Lokiru kooni njia nzima.

"Shika tumbo, bwana harusi! Wakwe zako wanataka mwanamume, si jongoo aliyejikunja."

"Dada, mumeo alipokuja kukuoa alikuwa na homa. Alishikiliwa na watu wawili."

"Homa ya kuniona mimi!"

"Homa ya kuona miguu yako," alisema Ata, na hapo hata Mama, aliyekuwa hacheki mbele ya mama mkwe wake, alificha uso kwenye shuka.

Wote walicheka isipokuwa mimi. Niliona mzaha ule kuwa ni wa kumuaga. Nilijibana ubavuni mwa Lokiru, nikashika kidole chake kimoja. Akaniuliza, "Vipi, mzee?" Nikasema hakuna.

Milima ya Pelekech ilikuwa imeshaonekana, ya buluu na mbali, lori lilipozama katika mchanga wa laga, mto mkavu mpana kama uwanja. Njoroge aliruka chini, akatazama magurudumu, akasema maneno ambayo Baba hakuyatafsiri. Tukashuka wote. Wanaume wakachimba, wanawake wakakata makuti ya mikoma ya kutandika chini ya magurudumu. Ata hakuweza kukaa kando kuangalia watu wakifanya kazi vibaya. Aliniita, akanipa mfuko.

"Shika hii. Usiiweke chini. Usimpe mtu, hata baba yako." Kisha akaenda kumwonyesha Njoroge jinsi ya kutandika makuti.

Nilibaki na mfuko kifuani. Ulikuwa wa moto kwa kukaliwa, na harufu yake ilinitoa machozi. Watu wote walikuwa wamenipa mgongo. Nilitembea taratibu hadi ukingoni, nyuma ya kichaka cha mti wa mswaki kilichoota peke yake penye jiwe la kijivu, nikapiga magoti nikachimba kwa mikono. Mchanga wa juu ulichoma, wa chini ulikuwa baridi na unyevu kidogo. Niliufukia mfuko, nikasawazisha kama Lokiru alivyosawazisha barabara, nikarudi. Sikuogopa hata kidogo. Nilijiona mwanamume aliyeokoa mtu wake.

Lori lilinguruma, likachomoka, na Njoroge akapiga kelele kwamba hasimami tena mpaka ng'ambo. Tukalikimbilia tukicheka na kuanguka. Ata alivutwa juu na watu wawili, mmoja kila mkono, akiwatukana kwa furaha. Alikaa juu ya gunia, akahema, na kabla hajauliza kitu chochote usingizi ulimchukua.

Tulifika Kakuma alasiri. Nyumba ya wakwe ilikuwa karibu na mto Tarach, na wazee walikuwa wamekwisha kukaa kwenye vigoda vyao kivulini. Baba yake Akai, yule binti aliyekuwa anaolewa, alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Alituacha tuketi. Alituacha tupumue. Kisha akasema, "Tumeliona vumbi lenu tangu mbali. Sasa midomo yetu imekauka."

Ata alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka. "Ewoi. Lete."

Nilijisogeza nyuma.

"Ewoi, mfuko."

Nikamtazama Lokiru, amekaa ameinamisha kichwa kama mbuzi wa kuchinjwa, mafuta yakimtiririka. Nikasema, "Sina, Ata. Uliuchukua tena. Pale tulipokuwa tunapanda. Ulisema utaukalia."

Aligeuka. Nayakumbuka macho yale kuliko ninavyoikumbuka sura ya mama yangu. Hayakuwa ya hasira. Yalikuwa yanatafuta, yakirudi nyuma njia yote, lori, mchanga, makuti, mikono iliyomvuta juu. Alifungua mdomo kunikatalia, kisha akaufunga.

"Nilichukua?"

"Ndiyo, Ata."

Walipekua lori. Walipekua magunia. Shangazi mkubwa alimpapasa hata yule mbuzi. Wazee walitazama, na kila dakika iliyopita Lokiru alizidi kujikunja. Nikaona vijana wa upande wa pili wakinong'ona. Mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Wamekuja kuoa na midomo mitupu."

Ata alisimama katikati ya watu wale wote. "Ni mimi," akasema. "Mtoto hawezi kusahau jambo la leo. Mimi ndiye niliyesahau. Kichwa changu kimeanza kutoboka."

Wazee walijikung'uta, wakachukua vigoda vyao, wakaenda. Baba alikimbia dukani, akarudi na pakiti za sigara. Baba yake Akai alishika moja, akainusa, akairudisha. "Hiki ni cha kupuliza," alisema. "Maneno yake yatapotea hewani." Usiku ule hatukupewa mahali pa kulala ndani ya boma. Lokiru hakula. Nilipojisogeza kwake, hakusema lile neno la ndoto. Alikuwa akilia, na mimi sikuwa nimewahi kujua kwamba mtu mkubwa anaweza kulia kwa kuachwa palepale alipo.

Aliyetuokoa alikuwa nyanya yake Akai, kikongwe mwenye kiuno kilichopinda kabisa. Asubuhi alitoka kwao akiburuta mfuko wake mwenyewe wa tumbaku, akampa Ata mbele ya macho ya watu wote, akasema, "Chukua, utuletee." Ata akaupokea kwa mikono miwili, akazunguka upande wa pili wa boma, akaingia nao kama aliyetoka Lodwar sasa hivi. Wazee walijua. Walitafuna tumbaku yao wenyewe kwa nyuso za heshima, na baadaye, midomo ilipolowa, wakacheka hadi wakashika mbavu. Maksai akachomwa mkuki. Wanawake waliimba mpaka sauti zikakwama. Shangazi mkubwa alicheza na yule kikongwe aliyepinda kiuno, na kwa miaka mingi watu wa Kakuma walitutania kwamba sisi ndio tuliooa kwa tumbaku ya bibi harusi.

Siku ya kurudi nilingoja Lokiru aachwe. Badala yake, akapanda lori wa kwanza. Kisha akapandishwa Akai, amepakwa mafuta, shanga mpya hadi kidevuni, akilia kimya kimya huku mama yake ameshika ukingo wa lori hadi lilipoondoka. Ata akamweka karibu naye, akamfunika kichwa kwa shuka lake. Lokiru akanibeba akaniketisha mapajani, akapiga mluzi kwa vidole viwili. Hapo ndipo nilipoelewa, safari hii kwa kweli. Hakuna mtu aliyekuwa anachukuliwa kutoka kwetu. Mfuko mchangani haukuwa umeokoa mtu yeyote.

Kwenye ile laga Njoroge alisimama kabla ya mchanga, atie maji kwenye rejeta. Ata alishuka. Nilimwona akienda mahali lori lilipokuwa limezama, makuti yakiwa bado pale, akainama. Alisukuma mchanga kwa mguu. Akaenda hatua chache, akainama tena, akachimba kidogo kwa fimbo. Alifika karibu na kile kichaka cha mswaki, hatua tano hivi, akageuka upande mwingine.

Nilikuwa nimeshuka pia. Nilisimama mbele yake. Ningeweza kwenda pale, kuchimba, na kupiga kelele kwamba nimeupata. Hata uongo huo ungemfaa. Lakini Lokiru alikuwa ananipenda tena, na Akai alikuwa ameanza kunitabasamia, nami nilikuwa mtoto wa miaka minane au tisa mwenye maisha mazuri. Nikasema, "Twende, Ata, wanatungoja." Akanyoosha mgongo, akashika bega langu ili apande ukingo.

Watu wetu hawakumtesa. Naomba nieleweke. Walimpenda, na kwa sababu walimpenda walianza kumsaidia. Mama akasema ufunguo wa sanduku unamchubua shingo, bora akae nao Akai, aliyekuwa mwepesi na mwaminifu. Watu wakija na ubishi wa mifugo, walimuuliza Ata, kisha wakaenda kuthibitisha kwa mwingine. Mwanzoni hilo lilimkasirisha. Baadaye akawa anawaambia mwenyewe, "Muulizeni mwenye kichwa kizima. Mimi nilisahau tumbaku ya mwanangu." Sijui kama kweli alianza kusahau, au mtu akiacha kuulizwa majibu humwozea ndani. Nimesoma hadi kidato cha nne, na sijui.

Nilimwambia. Nilichelewa miaka saba, lakini nilimwambia. Nilikuwa kidato cha pili, nimekuja likizo, na macho yake yalikuwa yamefifia. Alikuwa amekaa mlangoni kwa Akai, akitafuna. Nikachuchumaa.

"Ata, ile tumbaku ya Kakuma. Hukuisahau. Niliifukia mimi."

Alitema mate pembeni. "Huko shuleni wanawafundisha kuwabebea wazee mizigo?"

"Ni kweli, Ata. Nilidhani wazee wakiila Lokiru ataondoka. Niliifukia nyuma ya kichaka cha mswaki, penye jiwe la kijivu."

"Nilitafuta pale."

"Hukufika pale, Ata. Uligeuka."

"Nilitafuta kila mahali," alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nilisikia sauti yake ya zamani, ile ya kumaliza ubishi. Kisha ikalainika. Alinitafuta uso kwa kiganja, akanishika shavu. "Ewoi, mwanangu. Ungekuwa umeifukia wewe, ungeniambia siku ile tulipokuwa tunarudi. Nilikuwa nimeinama mbele yako. Usingeniacha niiname."



"Akai!" akaita. "Njoo umsikie huyu mtoto, anataka kuchukua aibu yangu aibebe yeye!" Akai akatoka, mikono ina unga, macho yamemjaa machozi, akaniambia nina moyo wa pekee. Nilijaribu tena na Baba, akanigonga begani akasema inatosha, amenielewa. Kadiri nilivyosisitiza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwema.

Ata alifariki nikiwa nimeshaanza kazi. Watu walijaa, hata kutoka Kakuma. Lokiru alisimama kuzungumza, akasimulia habari ya tumbaku, na watu wakacheka kwa machozi aliposimulia sigara za Baba na yule kikongwe aliyepinda kiuno. Kisha akaninyooshea kidole. Akasema kwamba katika ukoo huu amewahi kuona mtu mmoja tu aliyempenda Ata kiasi cha kujisingizia kosa lake, ili mama wa watu afe kichwa chake kikiwa na heshima. Wazee wakaitikia. Mwanamke mmoja nyuma yangu akanibariki.

Ningeweza kusimama na kusema. Nilikuwa mtu mzima, nina ndevu, na hakuna ambaye angenipiga. Nikainamisha kichwa, kama afanyavyo mtu mnyenyekevu anaposifiwa.